Leso ya Mwisho ya Kadzo

Priscah alisikia habari za jeneza la mamake kabla mamake hajafa, tena hakuzisikia kwa mamake. Alizisikia ofisini, kwa karani mwenzake aliyekuwa amepita Mji wa Kale kuchukua kibao cha duka la shemejiye.

"Mamako ana roho," karani yule alisema, huku akigonga mihuri juu ya karatasi za forodha. "Nimeliona kwa Athmani, yule mwandika vibao. Jeneza zima limechorwa kama leso! Pindo, mji, kila kitu. Nikauliza la nani, naambiwa la Bi Kadzo wa Makadara. Nikashtuka. Sikujua kama ni mgonjwa kiasi hicho."

"Si mgonjwa kiasi hicho," Priscah alisema. Kisha akauliza lile lililomjia mbele ya mengine yote. "Limeandikwa nini?"

"Wapi?"

"Pale pa jina. Leso haikosi jina."

Karani alifikiri. "Palikuwa patupu. Athmani alisema bado hajapewa maneno."

Priscah aliomba ruhusa, akajifunika gazeti kichwani kwa sababu ya manyunyu, akaenda Makadara kwa miguu. Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini na tano, na njia zote za kisiwani zilikuwa na madimbwi.

Kadzo alikuwa penye benchi lake, chini ya kibaraza cha mkahawa wa chai, leso zake zimetundikwa nyuma yake kwenye kamba. Miguu ilikuwa imemvimba, ameiweka juu ya kreti la soda. Daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umepanuka, naye alikuwa amejibu kwamba hilo watu wa Makadara wanalijua siku nyingi. Alikuwa na namna yake ya kuuza. Mteja akija hamuulizi rangi wala bei anayoiweza. Humuuliza, "Wataka kumwambia nani?" Akishajua ni mume, au jirani, au mke mwenza, huingiza mkono kwenye rundo na kutoa leso yenye maneno yanayomfaa mtu huyo, na mteja huondoka akichekelea njia nzima.

"Mama, umenunua jeneza!"

"Shikamoo huijui siku hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jeneza lina nini? Wewe ulipokuwa na mimba hukununua nguo za mtoto kabla? Basi na mimi nina safari, nimejinunulia nguo." Aliikunja leso aliyokuwa nayo magotini. "Fundi wa Mwembe Tayari amelipiga vizuri. Nimelilalia mwenyewe. Mabega hayabani."

"Umelala ndani ya jeneza?"

"Ulitaka nikutume wewe ukalijaribu?"

Wanaume waliokuwa wakinywa chai walicheka. Priscah aliketi kwenye ukingo wa benchi, akashusha sauti. "Watu watasema nini, mama?"

"Mimi nimeona wajukuu," Kadzo alisema, naye hakushusha sauti. "Sitaki kuliliwa kama kijana aliyekatwa angali mbichi. Mjomba wako Kazungu ataleta ngoma na kayamba. Watu wataimba kifudu, nyimbo zetu za matanga, watacheza, wenye utani nami watanitukana wapendavyo, kisha watakula washibe. Mgiriama mzee huzikwa kwa furaha, ndivyo tulivyo. Mimi nimewaimbia wafu wa watu tangu ujana wangu. Leo mnataka kuniimbia nyimbo zile zenu za kuvuta kama lastiki?"

"Na jina?"

"Jina gani?"

"Maneno utakayoandika. Ni ya Mama Naomi, sivyo?"

Kadzo alimtazama mwanawe kwa muda, macho yake yakiwa na kitu kama huruma au kama mzaha. "Jina la leso ni siri ya mwenye kuivaa," alisema. "Rudi kazini, usije ukafutwa."

Naomi alikuwa mavyaa wa Priscah, mama yake Samuel. Alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kelele. Siku ya arusi ya Priscah na Samuel alikuwa amesema jikoni, mbele ya wapishi, kwamba ni mkosi arusi kuimbiwa na mwimba matanga. Maneno yalimfikia Kadzo kabla wali haujaiva. Hakujibu. Siku ya pili alikwenda kumsalimu Naomi, amevaa leso mpya iliyoandikwa ACHEKAYE MATANGA ANA LAKE NJIANI. Naomi aliisoma, akamkaribisha chai. Juma lililofuata, kanisani, Naomi alikuja na ya kwake: MANENO YAKO SI UPUPU HAYANIWASHI. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hawakugombana kwa mdomo hata mara moja. Waligombana kwa nguo. Katika ubatizo wa wajukuu, katika harambee, katika kumtazama mgonjwa, watu waliwasubiri waingie ili wawasome migongo. Wengine waliona ni mchezo. Priscah hakuona mchezo. Kila mara wazee wale walipokuwa chumba kimoja, yeye alikaa katikati yao akipokeza vikombe na kuomba kimya.

Leso ya kawaida huvuliwa, ikafuliwa, ikachujuka, maneno yake yakasahaulika. Lakini maneno ya kwenye jeneza yangesomwa na watu wote waliomjua Naomi, kisha yakafukiwa, na Naomi asingekuwa na mtu wa kumjibu. Angeishi nayo. Na yeye Priscah angeishi na Naomi.

Alimwambia mumewe jioni ile. Samuel alikuwa mwendesha kreni bandarini, mtu wa maneno machache. Alisikiliza, akaweka kijiko chini.

"Mamako akimtukana mama yangu juu ya jeneza," alisema, "mimi nitalibebaje jeneza hilo? Niambie."

Priscah alikusanya vyombo.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Alipita mtaa wa Biashara akijikuta anasoma kila leso iliyotundikwa madukani, akiyapima maneno: hili lingemuumiza? Hili je? Alimwota mavyaa wake akisoma kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukiona. Mchungaji naye alitangaza kanisani kwamba penye ngoma za matanga yeye hatakaa, na alipolisema hilo Priscah, aliyekuwa amesimama katika safu ya kwaya, alihisi kanisa zima limemgeukia yeye. Mara mbili alirudi kwa mamake kumbembeleza. Mara ya kwanza Kadzo alimcheka. Mara ya pili alikuwa amelala, anahema kwa shida, na Priscah aliona haya kumuuliza. Alimkanda mgongo, akamnywesha uji, akaondoka.

Kadzo alifariki asubuhi ya Jumatatu, baada ya kumaliza kikombe cha chai na kumwambia jirani kwamba leo mvua haitanyesha. Ilinyesha siku nzima.

Priscah alilia kama mtoto. Lakini hata katikati ya kilio kile, wakati wanawake wamemshika mabega, kulikuwa na sauti ndogo ndani yake iliyouliza bila kukoma: limeandikwa nini, limeandikwa nini? Aliichukia sauti ile. Haikunyamaza.

Maziko yalipangwa yawe Alhamisi, katika makaburi ya Wakristo kule Mbaraki. Jumatano mchana, walipokuwa wakipanga viti na maturubai uani, Priscah aliaga kwamba anakwenda kununua mishumaa. Alishika njia ya Ndia Kuu, akakata kichochoro, akafika kwa Athmani ameloa.

Athmani alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya vito iliyopigwa matone ya rangi. Vibao vya maduka vilikuwa vimeegemezwa ukutani kote. Katikati ya chumba, juu ya magogo mawili, palikuwa na jeneza.

Priscah alikuwa amejiandaa kuliona baya. Halikuwa baya. Pindo lilizunguka pande zote, jekundu na jeusi, na katika kila pembe palikuwa na korosho nono, kama za leso zile za zamani. Mji, ile sehemu ya kati, ulikuwa wa manjano yaliyoiva. Katikati ya mfuniko Athmani alikuwa amechora kuku jike, shingo kainyoosha, mdomo wazi, anawika kama jogoo. Priscah alikaribia kucheka. Kisha akashusha macho kwenye kisanduku cha jina, akasoma.

NIMEONDOKA SEMENI SASA.

Alikaa kitako juu ya kopo la rangi lililofunikwa.

Hakuhitaji kufasiriwa. Naomi alikuwa akisema, mara nyingi, mbele ya watu, kwamba Kadzo huwezi kumsema, kwani atakujibu hata akiwa usingizini. Sasa Kadzo amemjibu. Nimeondoka, uwanja ni wako, bwabwaja utakavyo.

"Mzee Athmani," alisema, "nakuomba uyabadilishe haya."

Athmani hakuonyesha kushangaa. Alifuta burashi kwa kitambaa, taratibu. "Mamako alikuja mwenyewe, kwa teksi, hahemi vizuri. Akakaa papo hapo ulipokaa. Mimi nilipoanza kazi hii nilisita, maana sisi Waislamu hatuzikani hivi. Akaniambia, Athmani, sikwambii unizike, nakwambia uandike. Akanitajia neno moja moja. Kisha akasema, nikifa, mwanangu yuwaja hapa na machozi, ataka ubadilishe. Mwambie akalale."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi."

Priscah alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Yeye amekwenda. Mimi ndiye ninayebaki nao, mzee. Mume wangu hajanisemesha vizuri tangu aliposikia. Kesho mavyaa wangu atasimama mbele ya jeneza hili na watu wote watamtazama uso. Wewe una binti. Ungependa binti yako asimame pale?"

Mvua ilipiga mabati. Mwishowe mzee aliguna, akachukua kopo la rangi ya manjano na kulifungua kwa bisibisi.

"Wataka yawe yapi?"

Priscah alikuwa ameyafikiri njiani bila kujua kama anayafikiri. "Nimeondoka, semezaneni sasa."

Athmani aliyarudia kwa midomo tu. "Herufi chache, na maana imehama nyumba," alisema. Hakusema kama ni vizuri au vibaya. Alipaka manjano juu ya maneno mawili ya mwisho, akaipepea kwa gazeti kwa muda mrefu, akaandika upya juu yake kwa rangi nyeusi. Alipomaliza alimgeukia.

"Sikiza. Yale ya kwanza yalikauka juma zima. Haya, kwa mvua hii, kesho yatakuwa mabichi. Nitafunga vijiti juu yake ili turubai lisiguse. Nawe usikubali nguo iwekwe juu. Umenisikia? Nguo isiguse hapa."

"Nimesikia."

Usiku ule Priscah alijilaza lakini hakulala. Samuel alimwuliza kama ameliona jeneza. Akasema hapana.

Alhamisi mwili ulitolewa chumba cha maiti, ukawekwa ndani, mfuniko ukapigwa misumari, jeneza likaletwa Makadara kwa pikapu chini ya turubai. Uani palikuwa pamejaa. Wateja wa Kadzo walikuja, Wakristo na Waislamu, wauza mboga, makuli, wanawake wa Mji wa Kale na buibui zao. Kazungu, mdogo wake Kadzo, mtu mnene mwenye sauti ya mnada, alikuwa amewaweka wapiga ngoma wake chini ya kibaraza cha jirani. Walikuwa wamekubaliana na mchungaji kwa taabu: maombi kwanza, mchungaji atangulie makaburini, ngoma zianze akishafika barabarani.

Turubai lilipoondolewa Kazungu alipiga makofi. "Haya! Wanawake wote walionunua kwa dada yangu, kila mmoja amfunike kwa leso moja. Atafunuliwa baada ya maombi, watu wamwone na nguo yake mpya."

Priscah alimkimbilia. "Mjomba, zisiwekwe."

"Kwa nini zisiwekwe?"

"Rangi."

"Rangi ya juma zima?" Kazungu alimtazama kwa mshangao. "Mwanangu, kaa chini. Huzuni imekuchosha."

Angeweza kusema wakati ule. Alifungua mdomo. Alimwona Samuel amesimama karibu na ukuta akiwatazama, na nyuma yake Naomi akiingia na kina mama wa kanisa, amevaa gauni jeusi, bila leso, mrefu kuliko wote. Mdomo ukajifunga wenyewe. Leso ya kwanza ilitandazwa juu ya jeneza, ikatulia, na wanawake wakailainisha kwa viganja vyao, hasa pale kati, kwa mapenzi. Kisha ya pili. Kisha nyingine.

Maombi yalikuwa marefu. Priscah hakusikia neno. Alitazama zile leso tu. Jua lilitokeza kidogo, joto likapanda, na ilionekana kwake kwamba ile ya chini inazidi kujibandika. Alisimama na kwaya kuimba, macho yangali pale pale. Mbele yake Naomi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imefumbatwa, mtulivu, hajui kitu.

"Amina," mchungaji alisema, akafunga Biblia.

Kazungu alianza kuondoa leso moja moja, akiwarudishia wenyewe na kutaja utani wa kila mmoja. Watu walikuwa wameanza kuchangamka. Alipofika kwenye ya mwisho akavuta, haikuja. Akavuta tena. Akaubandua upande mmoja kwa kucha, na nguo ikatoka kwa sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Watu walisogea.

Kuku jike alikuwa mzima, anawika. Lakini kisanduku cha jina kilikuwa kimevurugika. Rangi mpya ilikuwa imeng'oka na leso, imeacha mikwaruzo ya manjano na mikia myeusi ya herufi kila upande, na chini yake, kavu, nyeusi, pasi na shaka, yale maneno ya kwanza yalikuwa yametokeza.

"Kuna mtu amelichezea," mwanamke mmoja alisema.

Kazungu aliinama, akasoma, akaigeuza leso na kuyaona maneno mengine kinyumenyume kwenye kitambaa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani?" alisema. "Nani amemziba dada yangu mdomo? Mtu amekufa, neno lake moja tu alilolitaka, nanyi mmelifuta?"

Priscah alijua kwamba kama hasemi sasa, mjomba atamtuhumu Athmani, au atawageukia kina mama wa kanisa, na patazuka jambo ambalo halitazikika pamoja na mamake.

"Ni mimi, mjomba," alisema.

"Wewe?"

"Nilimwomba Athmani. Jana."

Mnong'ono ulipita uani kama upepo kwenye makuti. Samuel alimtazama mkewe, kisha akamtazama mamake. Watu wote walimtazama Naomi, uso wake, hasa vile Priscah alivyoogopa tangu siku ya kwanza.

Naomi alijongea mbele. Watu walimpisha. Alisimama kando ya jeneza, akatoa miwani mkobani, akaivaa, akasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo somo siku ya Jumapili.

"Nimeondoka. Semeni. Sasa." Akavua miwani. "Mwacheni mtoto, Kazungu. Aliniogopea mimi. Kama angeniuliza, ningemwambia asijisumbue." Kisha akaligeukia jeneza, akaweka mkono kiunoni, na sauti iliyotoka haikuwa ya kanisani.

"Haya, Kadzo! Umetaka tuseme. Mimi nasema, na leo ndiyo siku ya kwanza hutanijibu. Ulikuwa na mdomo wewe! Mdomo wako ungefungiwa meli gatini isiondoke. Leso uliyoniuzia ya bluu ilichujuka fuo la kwanza, ikapaka rangi mashuka ya nyumba nzima. Chapati zako nilizila kwa imani tu. Na kuimba! Watu wanasema ulijua kuimba. Uliwaimbia wafu mpaka wakajuta kufa!"

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mwingine akacheka, hakujiziba.

"Nilisema arusini kwamba wewe ni mkosi," Naomi aliendelea. "Nilisema, na sikuomba radhi, nawe hukunidai. Uliniandama kwa nguo. Lakini nilipolazwa hospitali, mwanangu yuko kreni, mkazamwana wangu amejifungua, nani alikuja kila siku na chupa ya uji? Alikuja huyu! Amevaa leso imeandikwa HUFI LEO NGOJA ZAMU YAKO. Wauguzi walitaka kumfukuza. Akaivua ile leso, akanikandia miguu kwayo, matusi yenyewe yakiwa yananipita kwenye magoti. Nikacheka mpaka mshono ukaniuma."

Priscah hakuwahi kuambiwa habari hiyo na yeyote kati yao. Alimtazama Samuel, naye Samuel alitikisa kichwa. Hakujua pia.

Sauti ya Naomi ilikatika. "Uliniambia ningoje zamu. Nimengoja. Mimi ndiye mkubwa, Kadzo! Zamu ilikuwa yangu, na wewe umenipita mbele, kwa kiherehere chako kile kile. Nitamvalia nani sasa? Eh? Nitavaa nini mimi, na nani ataisoma?"

Alipiga ubao wa jeneza kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayempiga mwenzake bega. Kisha kutoka nyuma, miongoni mwa wanawake wa buibui, kigelegele kikapanda, kirefu, na kabla hakijaisha vingine vikakipokea. Chini ya kibaraza cha jirani mtu alishindwa kujizuia, akatikisa kayamba. Ngoma ikadakia. Mchungaji alikuwa bado yuko uani, Biblia kwapani, akitafuta njia ya kupita katikati ya watu walioanza kucheza.

Kazungu alilia na kucheka pamoja. Alimshika Priscah mkono, akamvuta bila kumsemesha, akamtia katika duara la wanawake. Priscah hakujua miguu inakwenda wapi. Mamake alikuwa hodari wa ngoma zile, yeye alikuwa amezikwepa maisha yake yote. Alikanyaga watu. Wakamsukuma huku na huku kwa mabega, wakamwimbia kwa Kigiriama wimbo wenye maneno ambayo asingethubutu kuyatafsiri ofisini, na akasikia kilio kinamtoka, kikubwa, kisichokuwa na sauti ndogo ndani yake ya kumuuliza chochote.

Samuel alilibeba jeneza upande wa mbele, bega la kulia. Hadi Mbaraki walikwenda wakiimba, mvua ikianza na kuacha, na makonda waliokuwa wakiita abiria walinyamaza, kisha wakauliza ni nani huyu anayezikwa hivi. Makaburini mchungaji alisoma maneno machache, kwa haraka, bila kumtazama mtu.

Usiku Priscah alimwambia Samuel kwamba alimdanganya kuhusu jeneza. Samuel alisema ameshajua. Alikasirika kwa siku kadhaa, kisha akachoka kukasirika. Kwa Kazungu ilikuwa kazi zaidi. Alikwenda kwake na kuku na leso, akapiga magoti, na mjomba alimwacha hapo chini kwa muda mrefu kabla ya kumwinua. Kwa Athmani alikwenda pia. Mzee alimwuliza jambo moja tu, kama nguo iligusa pale, na aliposikia akafumba macho.

Kanisa lilikaa kikao. Priscah alisimamishwa kwaya hadi baada ya sikukuu ya mavuno, kwa kuwa yeye, mwana wa marehemu, aliruhusu ngoma na akazicheza. Hilo alilitarajia. Lisilotarajiwa ni kwamba Naomi aliondolewa uongozi wa kina mama, kwa maneno aliyoyatamka mbele ya maiti. Naomi aliwasikiliza wazee wa kanisa mpaka mwisho, akawashukuru kwa adabu, akawakabidhi funguo za kabati la vikombe.

Jumapili iliyofuata Priscah aliingia kanisani akaenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali wanapokaa wageni na wenye watoto wachanga. Alikuwa hajawahi kukaa pale. Baada ya muda kidogo Naomi aliingia, akatazama mbele kwenye kiti chake cha zamani, ambacho tayari kilikuwa na mtu, akageuka. Priscah alisogea. Naomi aliketi, akapanga gauni lake, wala hakumtazama.

Kwaya ilianza. Kwa kuwa Priscah hakuwamo, sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba, ikawa inatafuta wimbo bila kuupata. Naomi alivumilia ubeti mmoja. Kisha akainamisha kichwa upande wa mkazamwana wake.

"Hawa wanaimba kama wamenyimwa chakula," alinong'ona. "Ulipokuwapo ilikuwa nafuu kidogo."

Priscah alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika katikati yao ili wote wawili waone, na kiitikio kilipofika waliimba kutoka kule nyuma, Naomi kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, mpaka watu wa mbele wakageuza shingo.